Kofia ya Nyaya Iliyomfichua Mkwe Wangu

Kwa Mkuu wa Maabara ya Lugha na Ubongo,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Ndugu Mkuu,

Yah: Ombi la kumrudisha mkwe wangu katika hali ya kutoelewa lugha yangu

Pole na kazi. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, cherehani yangu iko barazani, na mtaa mzima unaniita Bi Pindo kwa sababu pindo langu halifumuki. Si mtu wa malalamiko. Hata tulipokatiwa maji wiki mbili nilinyamaza. Lakini hili mlilonitenda, jamani, limenifika hapa kooni.

Mwezi uliopita dada wenu wa mashine alileta sketi ya mwanawe nimpunguzie kiuno. Akanieleza kwamba mnapima ubongo wa watu wenye lugha mbili. Wanaojua Kiswahili pamoja na lugha ya kwetu mlikuwa nao tele. Mliowakosa ni wasiojua hata neno moja la kwetu, wa kulinganishia. Nikacheka. Nikamwambia, dada, usihangaike, mmoja ninaye humu ndani. Mke wa mwanangu wa kwanza, miaka tisa tunakula meza moja, hajui hata maji tunayaitaje. Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe, na nikampeleka kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza madhara niliyoyapata.

1. Nywele. Mkwe wangu alikuwa amesukwa siku mbili tu kabla. Mkamvika kofia ya nyaya na kumpaka ule uteute wa kushikizia nyaya kichwa kizima. Ilibidi afumue zote na kuosha mara tatu. Hili nalitaja kwa sababu ya utaratibu tu, si ndilo linaloniuma.

2. Matokeo kutangazwa kwenye korido. Dada wa mashine alitoka na karatasi ya mistari, akasema mbele yangu, na mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, kwamba huyu hawawezi kumweka kundi la wasiojua. Eti akisikia kwa lugha yetu kwamba mama anachemsha maji kwa sufuria, ubongo unatulia. Akisikia mama anachemsha maji kwa kiatu, ubongo unashtuka. Asiyejua lugha hashtukii kiatu. Mkwe wangu alishtukia viatu vyote, arobaini kwa arobaini! Yule mzee akapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

3. Hasara ya miaka tisa. Ndugu Mkuu, unajua mtu anasema mangapi jikoni kwake kwa miaka tisa akiamini yuko peke yake? Nimesema anakata vitunguu kama anayelipiza kisasi. Nimesema mama yake akija kututembelea, viti vinajuta. Nimesema mwanangu alikuwa na macho mazuri hadi siku ya kuchagua mke. (Hilo liandikwe kama nilivyosema, lisipunguzwe.) Yote haya niliyasema huku namtabasamia na kumwongezea mchuzi, naye anaitikia, "Ahsante, mama." Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi sikujikwaa mara moja, nimejikwaa kila siku isipokuwa Jumapili, tena Jumapili ndiyo dada yangu huja tukajikwaa wawili.

4. Dada yangu huyo sasa hakanyagi kwangu. Yeye ndiye aliyesema makubwa zaidi. Nikitaka kuzungumza naye kwa simu inabidi nitoke nje nisimame nyuma ya tangi la maji, mwanamke wa miaka sitini na nne, kama mwizi nyumbani kwangu.

5. Mwanangu. Nilipomkabili kwa uchungu nikamwuliza kama alijua, alisema, "Mama, mimi nilidhani unajua." Ala! Huyu naye mpimeni, mimi nashuku hamtakuta kitu.

6. Hili ndilo kubwa. Tangu siku ile mkwe wangu amekuwa mpole mno. Hanijibu, hanitanii, haniambii tena uzi wangu umepinda. Anasema "ndiyo, mama" kama mgeni aliyefikia nyumba isiyo yake. Na mwisho wa mwezi wanahamia nyumba ya kupanga karibu na duka la dawa anapofanyia kazi. Anasema ni kwa sababu ya umbali. Duka hilo liko palepale lilipokuwa miaka yote tisa, na hakuna aliyewahi kulalamikia umbali. Mimi ninajua kilichosogea. Ninaogopa, Ndugu Mkuu, na sioni haya kusema. Nyumba hii bila yule mtoto wa watu ni cherehani na mimi tu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, tena kwa heshima:

a) Mmvike ile kofia kinyumenyume na kumtoa lugha yangu kichwani, yote, ibaki nafasi tupu kama zamani.

b) Kama (a) haiwezekani, mnipe orodha ya kila nilichosema na tarehe zake, nijue ninaomba radhi kwa lipi.

c) Kama (b) nayo haiwezekani, mumfungie taa ndogo kwenye paji la uso, iwake kila anapoelewa. Serikali inaweka taa barabarani watu wasigongane. Jikoni kwangu nako kunapita magari.

d) Vinginevyo mnifundishe mimi na dada yangu lugha ya tatu, kwa wiki mbili, halafu mje na mashine jikoni mthibitishe kwamba hashtuki.

Nisalimie dada wa mashine, sketi ya mwanawe iko tayari. Msalimie mlinzi wa getini, yule mzee wa makofi, na wote waliowahi kuvaa kofia yenu wakarudi nyumbani salama.

Ni mimi niliyejichimbia shimo kisha nikawaazima nyinyi jembe,
Bi Pindo.

Tanbihi: Miwani yangu imevunjika na mwandiko wa mwanangu ni wa kuku. Barua hii ameiandika mkwe wangu. Nimekaa barazani nikimwambia kila neno kwa lugha yangu, naye anaandika kwa Kiswahili, na hakuniuliza maana ya neno hata moja. Pale kwenye macho ya mwanangu alitaka kupunguza makali, nikamkataza. Tulipofika namba sita aliweka kalamu chini. Nikamtazama usoni, nikamwuliza kwa lugha yangu, ni kweli utaniacha? Akanijibu kwa lugha hiyo hiyo, mara ya kwanza katika miaka tisa: "Sasa nikienda, barua zako nani atakuandikia?" Lafudhi yake ni mbaya, mbaya kabisa, itanichukua miaka kuinyoosha. Kwa hiyo maombi yote, (a) hadi (d), yafuteni. Msimguse.