Gari Lisilo na Baba

Juni 2, Jumatatu

Siku ya kumi tangu nimalize shule. Mzee Virgil Teeter, mkaguzi wa uwanja wetu wa mbio za magari, amelikataa gari langu! Amelizunguka mara tatu, akagonga mabomba ya fremu yake kwa ukucha, kisha akaniuliza nani kaliunda. Nikatazama viatu vyangu. Baba akajibu kwamba tulilinunua kwenye mnada wa shamba, lilikuwa zizini chini ya marobota ya nyasi. Mzee Teeter akasema gari dogo la mbio si uyoga, halioti lenyewe. Bila kujua fundi ni nani na alitumia chuma gani, halikanyagi udongo wake Jumamosi.

Njiani Baba kaongeza lake. Lisipokimbia Jumamosi, litauzwa, nami nitakwenda mjini Wichita kwa Shangazi Corinne, kupokea simu kwenye zahanati ya meno. Simu! Kutwa nzima! Na wanaopiga wanaumwa meno!

Lazima nimjue fundi. Bila kumwuliza mtu.

Juni 3, Jumanne

Nimekwangua rangi kwa msasa. Chini ya nyekundu kuna buluu. Chini ya buluu, njano yenye namba 8 iliyofutika nusu. Chini ya njano, nyekundu tena. Hakuna kibao wala jina.

Ajabu zake nimeziandika. Injini ya pikipiki iko mbele, wakati ya wenzetu wote iko ubavuni mwa dereva. Pedali ziko karibu mno. Hata mimi, niliyekuwa nikisimama mstari wa mbele kila picha ya darasa, nazifikia bila mto. Na kando ya usukani imechomelewa kulabu ndogo, kama ya kutundikia kikombe. Ya nini?

Trace Maddux alipita na lori la baba yake, akapunguza mwendo kusudi.

"Rennie! Hilo gari au tela la mbuzi?"

Nilimjibu jibu kali sana. Moyoni.

Juni 4, Jumatano

Nimepata mpango! Watu hawapendi kujibu, wanapenda kusahihisha. Mwalimu wa historia alikosea tarehe moja tu, hata waliolala nyuma wakaamka. Basi nimebandika karatasi kwenye ubao wa duka la chakula cha mifugo: "Gari jekundu la akina Pruett liliundwa na marehemu Dub Hargis. Wala msibishe." Chini nikatia sahihi: Mwanamume Mtu Mzima. Kwa mkono wa kushoto.

Dub Hargis ndiye fundi aliyesifika kuliko wote kaunti hii. Kazi zake kila mtu anazijua. Atatokea mtu wa kubisha kabla ya adhuhuri, ataje fundi wa kweli, nami nitakuwa nyuma ya magunia ya mahindi na kalamu yangu.

Nimekaa huko muda wa saa nne. Mwenye duka akaja kuniuliza, kwa upole sana, kama nyumbani kuna amani.

Juni 5, Alhamisi

Hakuna aliyebisha! Wote wanakubali!

Mzee mmoja kaapa kwamba alimwona Dub akilichomelea, kwa macho yake mawili. Mwingine, aliyekwisha kuliona gari letu, kasema kulabu ile ilikuwa ya kofia ya Dub. Wa tatu akasema mwongo wewe, ilikuwa ya saa yake. Waligombea kulabu nusu saa, karibu washikane mashati. Juu ya Dub mwenyewe hakuna mwenye shaka. Kufika jioni nami nikaanza kuamini, na mimi ndiye niliyetunga.

Baba karudi ameng'aa. "Rennie, mama! Kumbe tumelalia dhahabu!"

Sikuweza kumaliza viazi vyangu.

Juni 6, Ijumaa

Balaa. Bwana Maddux, baba yake Trace, amekuja na futi ya kupimia. Anataka kulining'iniza gari la Dub kwenye dari ya duka lake, juu ya matairi. Chombo cha marehemu, kasema, si cha kuchezewa na mtoto. Baba kamwambia atampa jibu kesho baada ya ukaguzi.

Nimepiga hesabu kitandani. Kama ni la Dub, linauzwa: Wichita. Kama si la Dub, halina fundi, halikimbii: Wichita. Nimejichimbia shimo lenye milango miwili na yote inatokea kwenye meno.

Nimeamua kumwambia Baba ukweli. Nimekwenda hadi sebuleni mara nne. Mara ya nne akauliza nataka nini. Nikaomba chumvi.

Juni 7, Jumamosi

Niandike upesi.

Mzee Teeter alilikagua gari uwanjani, kando ya dirisha la kibanda cha baga. Wazee watatu wa duka la mifugo wakatoa ushahidi. Bwana Maddux alikwisha kuja na minyororo. Mzee Teeter akafungua daftari, akauliza, "Basi niandike Hargis?"

Ndani ya dirisha, mwiko wa bati ukagonga kaunta. Paa!

Ni Bi Lodema Fitch, muuza baga. Miaka kumi nimenunua kwake kila Jumamosi kwa kuonyesha orodha kwa kidole.

"Dub gani?" akasema. "Dub alikuwa na urefu wa mlango! Humo asingeingiza hata goti!"

Mzee mmoja akamwambia, "Lodema, bibi wee, angalia nyama zisiungue, haya ni mambo ya chuma."

Akatoka na aproni yake. Kimo chake ni changu mimi. Akapanda gari, akateleza ndani kama mkono kwenye soksi. Miguu ikazifikia pedali. Kisha akavua pete yake ya ndoa, akaitundika kwenye kulabu. Ikakaa sawasawa. Nyama zikaungua.

Akataja aina ya chuma na unene wa bomba, na mahali ambapo mshono ulimsumbua. Mzee Teeter akapapasa pale pale, akavua kofia. Bi Lodema aliliunda zizini kwake, kipupwe kizima, na mumewe akaliuza yeye alipokwenda kumzika dada yake.

"Miaka ishirini na sita, Lodema! Mbona hukusema?" akauliza Mzee Teeter.

"Mmewahi kuniuliza? Mnaniuliza vitunguu tu."

Bwana Maddux akakunja minyororo yake. La muuza baga halitaki. Na Mzee Teeter akaandika: Fitch!

Nimekimbia! Nimekuwa wa tisa kati ya kumi! Wa kumi ni Trace, gurudumu lilimhama. Shangazi Corinne atafute mwingine.

Halafu Bi Lodema akauliza nani alibandika upuuzi ule dukani. Nikatazama viatu vyangu. Mwenye duka la mifugo, aliyekuwa kwenye foleni, akanitazama mimi. Bi Lodema akanipa baga bila kitunguu, kama ninavyopenda. "Gari likikusumbua, uliza tu, binti yangu. Mimi siumi."

Juni 8, Jumapili

Gari linakohoa! Likishika kasi linakohoa mara tatu, kisha linazima. Mbio nyingine ni Jumamosi. Bi Lodema angejua kwa kusikiliza tu. Namba yake ya simu iko kwenye friji yetu. Kwake ni mwendo wa dakika sita kwa miguu.

Nimefikiri sana tangu tutoke kanisani. Nimejifunza mengi wiki hii.

Nimebandika karatasi kwenye sanduku lake la barua: "Magari ya Lodema Fitch hayakohoi kamwe. Wala msibishe." Kwa mkono wa kushoto. Sasa niko nyuma ya marobota yake ya nyasi, daftari magotini, nangoja asahihishe.

Ametoka. Ameisoma. Amerudi ndani.

Ametoka tena, amekaa barazani, anatazama upande huu. Ana bilauri mbili za chai ya barafu. Sijui ya pili ni ya nani.