Gauni la Mjane

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shajara, niwie radhi. Mara ya mwisho nilipokuandikia, mwanangu Rais alikuwa bado tumboni. Sasa ana meno mawili na anayatumia. Kisingizio sina, ila huyo huyo.

Dada yangu ndiye aliyeninunulia daftari hili kabla hajahamia mji wa mbali kikazi. Alisema niandike kila siku nisije nikapata wazimu. Sikuandika. Matokeo yake nimejiingiza katika mchezo wa kuigiza.

Kwa ufupi. Ukumbi wa mtaa wetu unaandaa mchezo wa nyimbo. Mjane amekataa kuuza nyumba, mashemeji wanaitaka, kila mtu anaimba. Mwishoni mjane anasimama dirishani na kuimba wimbo wa beti tatu ambao ukiusikia unaacha chungu kiungue. Wimbo huo ni wangu. Bado hakuna anayejua.

Nilikwenda kwenye usaili. Nikafungua mdomo, Rais mgongoni akafungua wake. Yeye akashinda. Mwongozaji ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu tu. Alinisikiliza mistari miwili, kisha akaniuliza kwa upole kama ni kweli nina cherehani nyumbani. Sasa mimi ni mkuu wa mavazi. Walio chini yangu pia ni mimi.

Wimbo akapewa Chiriku. Ni msusi, saluni yake inatazamana na ukumbi, na anaongea tangu anafungua mlango mpaka anaufunga, ndiyo maana ya jina. Anaimba vizuri. Hilo ndilo kosa lake kwangu, lingine sijaliona.

Tangu nijifungue sijafanya jambo lolote ambalo mtu alinyamaza ili alisikilize. Nataka ubeti mmoja tu. Taa zinimulike, na asitokee mtu wa kuniuliza nepi ziko wapi. Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nilimfuata Mwalimu kabla ya mazoezi, nikamwambia, kama mtu asiye na lake, kwamba mchezo mkubwa namna hii hauendi bila mbadala wa mhusika mkuu. Je, Chiriku akishikwa na mafua?

Mwalimu alinitazama kama aliyeokota lulu jalalani. Akasema kina mama wana macho mpaka kisogoni. Akapiga makofi, akakusanya watu, akatangaza kwamba kwa ushauri wangu mimi, mjane atakuwa na mbadala. Nikajipangusa maziwa begani, nikasogea mbele.

Amemteua seremala.

Seremala ndiye anayejenga nyumba ya mjane jukwaani. Ana ndevu. Mwalimu anasema ameusikia wimbo tangu siku ya kwanza huku akigonga misumari, anaujua wote, tena hana mtoto wa kunyonyesha. Watu walivunjika mbavu. Seremala hakucheka. Akaweka nyundo chini, akasafisha koo, akaimba ubeti wa kwanza. Si haba hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha Mwalimu akanikumbusha kwamba mbadala naye atahitaji gauni. Nimempima. Kifua peke yake kinakula kitambaa cha mapazia mawili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimewaza huku nanyonyesha, na hapo ndipo mawazo yangu huja, kwa kuwa siwezi kuondoka. Mwimbaji anaimba kwa pumzi. Pumzi inakaa tumboni. Tumbo liko ndani ya gauni. Gauni liko mikononi mwangu.

Nimepunguza gauni la Chiriku vidole viwili kila upande. Kile kitambaa cha ziada ndani ya mshono nimekikata na kukitupa, kisije kikatuna. Fundi mzuri haachi alama.

Kwenye mazoezi zipu ilipanda kama mtu aliyebeba gunia ngazini, ikipumzika kila hatua. Nilisubiri anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kununa. Badala yake alijipiga kiunoni akasema, shoga yangu, nimenenepa, ni haya maandazi ya kungojea wateja. Akaapa kuanzia leo hatakula mchana. Bakuli lake la wali na kuku akanikabidhi mimi, eti anayenyonyesha anakula kwa watu wawili.

Nimekula. Sijala chakula kikiwa cha moto tangu mwaka jana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mambo yamekwenda kombo. Chiriku amefunga kweli kweli na amepungua. Gauni linamkaa sawasawa. Nimelipunguza tena. Yeye anapungua, mimi napunguza, sijui nani atammaliza mwenziwe.

Baya zaidi: kwa pumzi fupi anaimba vizuri zaidi. Anakatisha katikati ya mstari, anameza mate, anaendelea, na unaona kabisa mwanamke aliyefiwa. Mwalimu alijifuta macho. Alisema zamani mjane wake alikuwa ameshiba, leo ndiyo amepata msiba. Mashemeji wa mchezoni wakamzunguka Chiriku kumuuliza siri yake. Naye, kwa kuwa hajui kuficha kitu, akawaambia siri ni gauni, na siri ya gauni ni yule pale mwenye mtoto.

Sasa mashemeji wote watatu wanataka nguo zao zibane.

Baba Rais alirudi nyumbani akatafuta kitanda, hakukiona. Akaniuliza kama tumefungua duka. Nikamwambia asikanyage koti la shemeji mkubwa. Alilala kwenye kiti, na Rais akalala kwenye kapu la vitambaa, na wote wawili walikoroma. Mimi nilibana nguo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Leo Chiriku ameyumba jukwaani. Ilikuwa kabla ya ubeti wa pili. Alishika dirisha, seremala akamdaka. Akacheka, akasema ameona nyota mchana kweupe, kumbe si msemo tu.

Roho ilinisuta mpaka nikasikia masikio yakiwaka. Nilimpeleka chumba cha mavazi, nikamkalisha, nikampakatisha Rais asipate kuinuka, nikamimina uji. Akaanza, lakini shoga, gauni. Nikamwambia gauni ni langu, tumbo ni lako, kunywa. Nilitumia ile sauti ya kumpa Rais dawa. Hakuna aliyewahi kuishinda sauti hiyo, hata baba yake.

Alikunywa. Akauliza kama kuna kilichobaki chunguni. Rais akampaka uji kwenye nywele zilizosukwa jana, na yeye akambusu kidole kimoja kimoja. Kisha akasema hajapata rafiki wa namna yangu tangu alipohamia mtaa huu.

Angenitukana ningesikia nafuu. Kesho kutwa naliachia gauni liwe kama lilivyokuwa. Wimbo nitautafuta kwa njia nyingine.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimefumua mshono ili niachie kitambaa. Hakuna cha kuachia. Nilikikata mwenyewe, kwa mkasi wangu mwenyewe, nikajisifu humu humu.

Dukani kitambaa kile kimekwisha. Kilichobaki chote kiko kwenye kifua cha seremala. Nilimwomba nipunguze kidogo kwake, akasema gauni lake ameshalizoea.

Na Chiriku sasa anakula. Anasema maneno yangu yamemponya. Anakula asubuhi, anakula mchana, anakuja na mabakuli mawili tule pamoja, na ananionyesha bakuli likiwa tupu kama mtoto anayetaka kusifiwa. Namsifu. Nifanyeje?

Kwa hiyo mgongo wa gauni utabaki wazi. Nimeushikiza kwa nyuzi chache na pini kumi na kitu, juu yake mtandio. Mwalimu nimemwambia ndiyo mitindo, mjane hajali mgongo wake. Alikubali, akaliandika kwenye karatasi zake kana kwamba amelibuni yeye. Chiriku nimemwonya: usiwape watu mgongo, usiinue mikono, usivute pumzi isiyo ya lazima. Akasema sawa, shoga, fundi ni wewe.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Niwie radhi kwa mwandiko, naandika haraka.

Onyesho lilikuwa alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Baba Rais alitakiwa amshike mtoto, lakini mtoto alimtazama baba yake kama mgeni, basi nikambeba mgongoni. Akalala. Kila kitu kilikwenda vizuri, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Wimbo ukaanza. Mstari wa tatu wa ubeti wa kwanza, Chiriku akanogewa, akainua mikono yote miwili.

Mlio ule kila fundi anaujua. Nyuzi ziliachia moja moja, kisha zote. Pini moja ilipiga mbao kando ya sikio langu.

Chiriku hakusita. Alirudi kinyumenyume huku anaimba, taratibu, kama mjane aliyezidiwa, mpaka mgongo wake ukafika kwenye dirisha la nyumba yake. Nyuma ya dirisha nilikuwa mimi, na sindano. Nikapitisha mikono chini ya pazia, nikaanza kushona. Giza. Nilishona kwa kupapasa, uzi mara mbili, mishono ya nguvu ambayo hata fahali asingeitoa. Nikakata uzi kwa meno. Nikajivunia.

Chiriku akapiga hatua mbele aanze ubeti wa pili. Pazia likamfuata. Baada ya pazia, mkono wangu wa kushoto. Baada ya mkono, mimi. Nilikuwa nimetushona sote: gauni, pazia na mkono wa blauzi yangu.

Nilivutwa dirishani mpaka kiunoni, pazia limenifunika kichwa. Rais akaamka akakuta dunia imepinduka. Akalia kilio cha kuitia majirani. Chiriku akageuza kichwa, pumzi ikamwishia, hakuna sauti iliyotoka. Mpiga kinanda akabaki anazunguka pale pale, anarudia, anarudia.

Sikupanga. Naapa humu ambamo hakuna wa kumdanganya. Rais hunyamazishwa na kitu kimoja tu, wimbo huo, maana ndio niliomwimbia kwenye cherehani tangu mazoezi yaanze. Niliimba ubeti wa pili kwa ajili yake, wote, nikiwa ndani ya pazia.

Akanyamaza. Ukumbi nao ukanyamaza. Watu wote wale, na hakuna aliyekohoa. Nilikuwa sioni kitu, lakini kimya kile nilikisikia.

Kisha Chiriku akapata pumzi, akachukua ubeti wa tatu, na tukamaliza tukiwa tumeshonwa.

Watu walisimama kushangilia. Nyuma ya jukwaa Mwalimu alimkumbatia Chiriku analia, akamuuliza amewezaje kuimba bila kufungua mdomo, ni moyo wenyewe ulioimba. Alimpongeza seremala kwa pazia linalojiendesha. Akamchukua Rais mikononi, akasema kilio kile kibaki hivyo hivyo kwenye onyesho la pili, Jumamosi ijayo. Kisha akanigeukia mimi. Akasema pazia limechanika, nilishone mapema.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Chiriku amekuja nyumbani na mabakuli mawili. Akakaa juu ya koti la shemeji mkubwa, akaanza kuongea kabla hajatulia. Kumbe unaimba hivi, na umekaa kimya? Aliniambia jana alitaka kumweleza Mwalimu mbele ya watu, lakini mzee alikuwa analia na halii vizuri kwa umri wake, akamhurumia. Leo asubuhi amekwenda kwake akamwambia. Mwalimu amekubali. Jumamosi ijayo pazia litafunguliwa, nitasimama dirishani na mtoto wangu, uso wazi, na ubeti wa pili utakuwa wangu.

Ubeti ule ulikuwa unamtesa tangu mwanzo, amesema, upo juu mno, kila siku alikuwa anatafuta wa kumpa. Akanishika mkono. Shoga, si ungesema tu? Ningekupa siku ile ile.

Nilimwambia nitafikiria. Nikamwongezea uji. Aliondoka akiwa amembusu Rais mara tatu na mimi mara moja.

Nimefikiria. Baba Rais anasema nikubali, mambo yameisha, tulale. Wanaume wepesi sana. Ubeti wa kupewa ni ubeti wa huruma. Na kwa nini wa pili, ikiwa wa kwanza na wa tatu nao naujua? Tena mtu anayetoa chake bila kuombwa lazima ana lake jambo. Laiti ningekuwa nimeutwaa kwa akili yangu ningelala usingizi. Nitamwambia asante, sitaki, kisha nitautwaa wote.

Mpango ninao, na huu hauna kasoro. Nitajishonea gauni la pili la mjane. Jumamosi wimbo utakapofika, mjane atakuwa hana sauti na mbadala wake hana sauti, nami nitakuwa nimesimama hapo karibu, nimevaa tayari, kwa bahati tu.

Nimemtumia dada ujumbe. Nilianza kwa kumwomba radhi kwa ukimya. Vitu ninavyohitaji vinifikie kabla ya Ijumaa ni hivi: kitambaa cheusi mita nne, kizito, zipu nyeusi ndefu, moja, nepi za saizi inayofuata, pakiti mbili, dawa ya fizi za mtoto, na kitu cha kumkwaruza mtu koo kwa siku moja tu, kisicho na madhara, kwa sababu wahusika nawapenda. Kipimo cha watu wawili, mmoja wao seremala.