Antena Sita Kabatini

Jumatatu, 4 Machi
Laptopu ya mke wangu imechoka. Leo ameiwasha, akaenda kuoga, akanywa chai, akarudi. Bado inajifikiria. Si jambo dogo: Ijumaa ana usaili kwa video, kazi ya kuhariri vitabu vya shule. Tangu kampuni yake ifungwe, ndiyo nafasi ya kwanza ya maana. Amesema ataipeleka kwa fundi. Nimemwambia fundi anaye humu ndani. Ameniuliza kama naikumbuka pasi. Naikumbuka. Pasi na kompyuta ni vitu viwili tofauti.

Halafu kuna suala la intaneti. Tunatumia ya shemeji, kaka yake mke wangu, anayekaa ghorofa ya juu. Alitupa nywila kwa roho safi, ila kila tukikutana kwenye ngazi huuliza kama intaneti yake inatutosha. Namwita Bwana Kasi, kimoyomoyo. Wiki hii tunajitegemea.

Jumanne, 5 Machi
Dukani. Muuzaji kauliza nina vyumba vingapi na kuta ni za nini. Maswali ya mtu anayetaka kuuza kidogo. Akanionyesha ruta ndogo ya antena mbili, akasema inatosha, muhimu niiweke mahali pa wazi katikati ya nyumba. Ya shemeji ina antena nne. Nimechukua ya sita.

Nimechukua pia diski mpya ya laptopu, ya aina isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Akasisitiza ninakili kwanza vitu vyote vya diski ya zamani. Nikaitikia kwa kichwa, kitaalamu.

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua laptopu kwenye meza ya chakula. Skrubu nikazitia kwenye kisosi. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu wiki hii, akaona kisosi kichafu, akakiosha. Tumezipata zote isipokuwa mbili.

Diski mpya imeingia vizuri kabisa. Nikawasha. Kioo cheusi na sentensi moja ya kuvunja moyo. Hapo ndipo neno “kunakili” liliponirudia.

Mke wangu akauliza kazi zake za kuwaonyesha wasaili ziko wapi. Nikamwambia ziko salama, ndani ya diski ya zamani. Na diski ya zamani? Mfukoni mwangu, pamoja na funguo. Akanyoosha mkono. Nikaitoa, na funguo zikafuata.

Amesoma kijitabu cha maelekezo, ambacho nilikuwa nimekikunja chini ya mguu wa meza. Akarudisha diski ya zamani, akaazima waya kwa kaka yake, akanakili kila kitu, akabadilisha tena. Mwenyewe. Mimi nilishika tochi.

Alhamisi, 7 Machi
Laptopu inawaka kabla hujakaa vizuri. Mke wangu ameizima na kuiwasha tena makusudi, akicheka peke yake. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kazi iishe. Nikasema niliwaambia. Mama mkwe akauliza niliwaambia nini.

Mchana watu wa intaneti wamevuta waya. Walitaka kuacha ruta sebuleni. Nikakataa: vumbi, wageni, macho ya watu. Nimeifungia ndani ya kabati la chuma chumbani. Nikisimama karibu, kasi ni ya ajabu. Nywila ya shemeji nimeifuta kwenye vifaa vyote. Mtandao wetu nimeuita “Kuliko Juu” ili ausome kwenye simu yake.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu alikaa sebuleni, blauzi ya bluu, vitabu nyuma yake. Swali la kwanza tu, picha ikaganda. Nikakimbilia kwenye simu kutafuta nywila ya shemeji. Kumbe kabla ya kuifuta sikuiandika popote.

Yeye akainua laptopu na kuanza kutembea nayo, taratibu, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Kila hatua kuelekea chumbani picha ilirudi kidogo. Akafungua kabati, akakaa kwenye kapu la nguo, kati ya mashati yangu.

Msaili mmoja akamuuliza yuko wapi.

“Kabatini,” akasema. “Mume wangu ndiko alikoifungia intaneti. Tuendelee, nawasikia vizuri sana.”

Wakacheka hadi mmoja akavua miwani. Kisha wakauliza, naye akajibu, swali baada ya swali, kwa sauti ile aliyokuwa nayo zamani. Mimi nilisimama nyuma ya mlango.

Jioni wamepiga simu. Kazi ni yake. Wamesema mtu asiyetetereka kabatini hatatetereka na waandishi. Shemeji ameshuka na soda, amemkumbatia dada yake muda mrefu, na mimi amenishika bega bila kuuliza chochote. Nilienda jikoni kutafuta chumvi. Sikuwa na haja ya chumvi.

Jumamosi, 9 Machi
Nyumba ina furaha. Mke wangu amehamishia ruta kwenye rafu ya sebuleni, sasa inashika kila mahali. Sina kinyongo.

Mama mkwe amelalamika kwamba betri ya simu yake haikai na chaji. Hakuomba msaada, ila nimeelewa. Sasa amesinzia kwenye kochi. Nimeichunguza: kifuniko cha nyuma kimeshikwa na gundi tu, na gundi huyeyuka kwa joto. Maji yako jikoni, yanakaribia kuchemka.