Fomu Niliyonakili kwa Phyllis

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Balaa! Sista Wacera, msimamizi wa wadi yetu ya Covid hapa Nyeri, ametangaza kwamba kila muuguzi atajaza fomu ya afya ya akili. Atakayeonekana amelemewa ataitwa na mshauri. Niitwe mimi, mwanamume mzima? Na unaibu wa Sista unagombaniwa na watu wawili tu, mimi na Phyllis! Usiku silali, lakini hiyo ni kahawa. Sijanywa kahawa tangu Ijumaa.

Jumanne, 3 Agosti

Leo nilitaka kumdunga mzee wa Naro Moru, kitanda cha nne, dawa ya kuzuia damu kuganda. Phyllis akanishika mkono. Akasema taratibu kwamba mzee ameshadungwa, na aliyemdunga ni mimi, nusu saa iliyopita. Sikumbuki! Nilitoka nikahesabu mitungi ya oksijeni, mara mbili. Naogopa. Phyllis hajamwambia mtu. Lazima anapanga kitu.

Jumatano, 4 Agosti

Nimepata dawa! Phyllis hatikisiki. Tumepoteza wagonjwa watatu wiki hii na bado anakunja mashuka akiimba. Fomu yake haiwezi kuwa na doa. Saa nne, wenzetu wakinywa chai, niliiona chini ya thamosi. Nimenakili yote, alama kwa alama, neno kwa neno, ngao ya plastiki usoni imejaa mvuke. Kusoma sikusoma. Tangu chuoni tunanakili chati za zamu iliyopita, mkono unajiendea wenyewe. Dakika nne, fomu yangu ikawa ndani ya sanduku la Sista!

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeitwa. Mshauri, Madam Mbula, alinisomea fomu polepole. Silali. Nalia kila siku kwenye stoo ya mashuka. Naogopa nitaua mtu. Kisha akainua macho.

“Na hapa umeandika ati bwana yako hajui kitu. Gikunda, uko na bwana?”

Nikakiri kwamba majibu ni ya mwenzangu. Hakucheka. Akanipa kalamu, nikate yote yasiyo ya kweli kwangu. Nikakata bwana. Nikakata stoo ya mashuka, maana mimi hulia chooni. Basi, sikupata kingine cha kukata. Nililia hadi barakoa ikalowa, akanipa nyingine. Wiki mbili nisishike sindano, nimwone kila Jumanne na Ijumaa.

Jumanne, 10 Agosti

Nimejaza pamba shavuni na kuitangazia wadi nzima kwamba naenda kung'olewa jino. Hakuna atakayeshuku!

Nje ya mlango wa Madam Mbula, kwenye benchi, nimemkuta Phyllis. Amesogea nikae. Akasema yeye mwenyewe alimwambia Sista kwamba amechoka, na Sista hakumlaumu. Akaniuliza kama nami nimekuja kuzungumza. Nilitaka sana kumshukuru kwa ajili ya yule mzee. Nikamwambia ni gego, la juu, upande wa kulia.

Ijumaa nitasema ni la chini.