Kadi ya Michoro na Uso wa Auleria

Jumatatu, 9 Juni
Kosa la wengi: wananunua kadi ya michoro, kile kifaa cha kuchakata picha, wanaichomeka ndani ya kompyuta, kisha wanakaa kusubiri maajabu. Kompyuta haina habari nayo! Lazima kwanza iwekewe draiva, yaani programu ya kuzifanya hizo mbili zielewane. Mimi nimefundisha fizikia hadi nikastaafu. Sifanyi makosa ya wengi.

Jana kamati ya sendofu ya Herieth, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, ilikutana hapa Boko. Herieth ni mtoto wa dada yangu, marehemu Auleria, aliyefariki binti akiwa bado ananyonya. Imebaki picha moja tu ya Auleria, nayo ililowa sandukuni. Doa limekula mdomo na nusu ya shavu. Binti hajawahi kuuona uso wa mama yake ukiwa mzima. Ombi lake ni hilo tu: auone Jumamosi, siku ya kuagwa.

Mwenyekiti Adelard, baba yake mdogo, akasema yuko mchoraji Tegeta aliyemfahamu Auleria, apelekewe picha. Nikasimama. Nikasema nitaufufua uso mwenyewe, kwa kompyuta. Makofi! Adelard akauliza, "Ile ile, shemeji, iliyokushinda kuchapa kadi za mwaliko?" Wakacheka. Picha nikaitia mfukoni kabla hajaifikia.

Jumanne, 10 Juni
Kadi nimenunua na kuichomeka. Nimefuta mfumo wa zamani wa kompyuta, nimeweka mwingine, Linux. Nimemweleza mke wangu Editha faida ya kadi. Prosesa ya kawaida, ubongo wa kompyuta, ni mwalimu mmoja anayesahihisha madaftari ya shule nzima. Kadi ni darasa zima: kila mwanafunzi daftari lake, wote kwa mpigo. Akauliza nani anawasimamia wasidanganye. Swali zuri. Nikaendelea na faida.

Draiva nimeweka. Kumbe mfumo ulikuja na yake! Wapangaji wawili, chumba kimoja. Skrini nyeusi tii.

Jumatano, 11 Juni
Nimemfukuza mpangaji wa kwanza. Kadi imetambuliwa! Nikaingiza nakala ya picha, nikaanzisha programu ya kuufufua uso. Kompyuta ikazima. Nikawasha. Ikazima. Umeme mdogo, bila shaka. Nikachomoa friji. Editha akauliza kama marehemu anahitaji na umeme wa pasi.

Adelard akaja kuidai picha. Nikamwambia imo ndani ya mashine, haitolewi katikati ya kazi. Imo mfukoni mwa shati. Akaitazama mashine kwa adabu, akaenda zake.

Ijumaa, 13 Juni
Jana mashine ilizimazima kutwa nzima. Nimeweka draiva upya mpaka naota majina ya mafaili.

Hapa nyumbani kila chenye waya kina kitambaa alichokifuma Editha: redio, runinga, friji. Kompyuta ina kikubwa kuliko vyote, kinafika chini, vumbi lisiingie. Asubuhi alikuja kukichukua akifue, maana wageni wanakuja. "Baba Fredrick! Mbona kina moto kama kimetoka kupigwa pasi?" Akakibeba. Mashine haikuzima tena.

Nimemweleza kuwa ni sadfa. Draiva ilikuwa imekwisha kutulia. Kacheka hadi akakaa chini.

Mchana uso ulikuwa tayari. Mzima! Shavu safi. Tabasamu. Meno meupe, yamepangana kama vigae. Sikumwonyesha mtu. Adelard ataona pamoja na ukumbi mzima.

Jumamosi, 14 Juni
Mshereheshaji akanyamazisha muziki. Picha ikatokea, kubwa, ukutani. Wageni wakashangilia. Nikamtazama Adelard.

Herieth aliinuka meza kuu, akasogea hadi karibu na ukuta. Akageuka. "Mjomba, huyu ni nani?"

Adelard akajibu kutoka kitini, taratibu, kwamba Auleria alikuwa na mwanya. Mpana. Kama wa Herieth mwenyewe.

Ni kweli. Ninao hata mimi. Doa lilifunika hapo hapo, mashine ikajazia meno ya watu wengine. Nikaanza kueleza jinsi programu inavyokisia. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

Herieth akaniomba ile yenye doa. Nikaitoa mfukoni. Adelard akaiona inakotoka. Akasema tu, "Siku zote hizo, shemeji?" Kisha akasema yule mchoraji alisoma na Auleria darasa moja.

Binti akaiegemeza kwenye glasi yake, akakaa nayo hadi mwisho. Wenzake waliopanda kumtunza zawadi walikuwa wanainama kwanza mbele ya glasi. "Shikamoo, mama." Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Keki ililiwa.

Jumapili, 15 Juni
Nimelitafakari suala hili kwa utulivu. Kasoro ni moja: kumbukumbu ya kadi ni ndogo. Kadi kubwa zaidi ingeujua mwanya. Adelard hawezi kulielewa hili, hakusoma fizikia.

Kinachohitajika ni jaribio la pili, kwa picha nyingine. Ipo ya ndoa yetu. Imefifia kidogo, na mimi nimefumba jicho moja. Linafumbulika. Nimemweleza Editha wakati wa chai, kwa kirefu. Akakusanya vikombe, akaingia ndani. Nilipokwenda kabatini, albamu haikuwepo.

Leo: tafuta alikoificha albamu.