Vipimo vya Wapambe Sita

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeingia kwenye kompyuta. Mjukuu wangu, yule anayesomea mambo hayo, amenitengenezea programu ya kutunza vipimo vya wateja. Daftari langu la miaka kumi na tisa nimewashia jiko. La nini tena? Nimepima wapambe sita, nguo za harusi ya Jumamosi. Mlango niliuacha wazi makusudi, Bi Sindano, fundi wa mkabala, anione ninavyobofya.

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Nafungua faili, yumo mpambe mmoja tu, yule wa mwisho, mwembamba kama ufito. Nimebofya weee. Nimeipiga kibao. Yuleyule! Mjukuu akaja, nikamgombeza kabla hajaketi. Akakiri kosa: programu kila ikiandika, inafuta kwanza yaliyomo badala ya kuongeza chini yake. Ameirekebisha. Watano wangu ndio wamekwenda.

Jumatano, 6 Machi
Niwaite wapimwe tena? Mimi? Nimewafuata makwao nikawakumbatia mmoja mmoja, kwa nguvu. Mikono yangu ni futi tosha. Wa pili akaniuliza nimefiwa na nani. Wa nne kumbe si mpambe, ni dada yake.

Alhamisi, 7 Machi
Nguo ya kwanza imegoma mabegani. Nikavuka barabara, shingo ngumu. Bi Sindano hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wapambe walipimwa kwake kwanza, wakamkimbia. Alinipa daftari lake zima, akalishikilia kidogo kabla ya kuliachia.
“Nirudishie, shoga. Wateja wangu wote wamo humo.”
Nikamwambia ananionaje, mtoto?

Jumamosi, 9 Machi
Nguo sita, zote zimekaa! Bibi harusi kanishika mkono mbele za watu. Bi Sindano naye nimemlipa fadhila: daftari lake lote nimelinakili kwenye faili langu, mpaka wateja waliokwishakufa. Aache ushamba wa makaratasi. Kisha faili nikalihamisha, nikalificha, wambea wasichungulie.
Sasa programu inasema faili halipo. Safi! Kama yenyewe hailioni, mwizi ataliona wapi? Mjukuu anauliza nimeliweka wapi. Nitakumbuka, asiniharakishe.
Bi Sindano anabisha hodi, anataka daftari. Asubiri chai ichemke, maana ndilo nililowashia jiko. La nini tena?