Halbadiri ya Samaki Wangu Wawili

Wenzangu, leo nimeadhirika huku Bungu, kwenye harusi, mdomo umejaa samaki. Nawaandikia mapema, maana wakiwasimulia wengine wataongeza chumvi (na kisa hiki chumvi kinayo tayari).

Ili muelewe, inabidi turudi miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mimi mwalimu kijana, Mnyamwezi wa Tabora, nimepangiwa shule Kibiti. Sina mke, sina sufuria ya maana. Maduka ndiyo kwanza yamejaa. Sabuni za kunukia zimerudi, mitumba inashushwa kwa marobota, na kila mtu anataka kitu ambacho jirani hana. Wenzangu walinunua redio kaseti. Mimi nilinunua tangi la kioo la kufugia samaki wa baharini. (Msiniulize. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.)

Pampu yake ya hewa ilitumia betri ya gari, na betri nilikuwa naipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Maji na mchanga niliagiza kwa watu wa boti za Nyamisati, wakanichotea huko Mafia. Chumba kizima kilinukia bahari. Jioni majirani walikuja na mikeka yao. Televisheni hatukuwa nayo, basi tukatazama samaki hadi magharibi. Mpaka leo nikisikia harufu ya maji ya chumvi nakikumbuka chumba kile, na moyo unaniuma kidogo.

Aliyekaa mbele siku zote ni Bi Tatu, jirani yangu, Mndengereko, kabila la watani wetu Wanyamwezi. Ndiye mama niliyempata Kibiti. Kila jioni aliniletea sahani imefunikwa kawa. "Kula, mtani," alikuwa akisema, "usije ukatufia hapa tukapata kazi ya kukusafirisha hadi Tabora." Bila sahani ile ningerudi kwetu mwezi wa kwanza.

Sasa, Jumatatu moja nikaletewa samaki wawili wapya, weupe, wana madoadoa meusi kama chui. Nikawatia tangini jioni, nikalala nikiwa na furaha ya bwana harusi. Jumanne asubuhi hawapo. Mzoga haupo. Mchanga umetulia. Dirisha liko wazi.

Jioni Bi Tatu akaja na sahani yake. Nikafunua kawa. Wali, na juu yake samaki wa kukaanga. Wawili. Wadogo.

"Samaki hawa umewapata wapi?" nikauliza. (Naam, niliuliza. Kwa mdomo huu huu.)

Akajibu, "Nimewapata kwa muuza samaki, mwalimu."

Hakusema mtani. Akaifunika sahani, akaondoka nayo.

Mtu mwenye akili angemfuata kuomba radhi. Mimi nikaenda kwa ustadhi wa mtaa kuomba halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi, ambacho mtaa mzima ulikiogopa kuliko polisi.

"Samaki wa kula?" ustadhi akauliza.

"Wa kutazama."

Akanitazama mimi. "Haya. Watu wapewe hadi Ijumaa, mwenye kitu akirudishe."

Nikalifunika tangi kwa shuka nisilione. Pampu nikaiacha ikikoroma, sikuwa na moyo wa kuizima. Habari zikaenea. Jumatano asubuhi nikakuta barazani pampu yangu ya baiskeli, na mwavuli niliodhani niliusahau kwenye basi. Alhamisi nikakuta jembe, nusu mche wa sabuni, na kuku mwekundu amefungwa miguu. Samaki hakuna. Kuku si wangu.

Na siku zote hizo sahani haikuja. Nilikula mihogo mikavu nikisikiliza mwiko wa Bi Tatu ukigonga sufuria upande wa pili wa ua. Nilianza kuogopa kwamba nimempoteza.

Ijumaa baada ya sala watu walijaa hadi dirishani. Bi Tatu alikaa mbele palepale pake, hanitazami. Ustadhi akasema, "Tuoneshe walipoibwa." Nikavuta shuka. Jua la mchana likaingia kwenye kioo. Ustadhi akafungua kitabu, akakohoa kusafisha koo.

Mchanga ukacheza.

Ikatoka pua. Yakafuata macho, kisha samaki mzima, akajikung'uta. Na mwenzake nyuma yake. Wakaanza kuzunguka tangini taratibu, madoa yao yote yamo. Kumbe samaki wale wakiogopa hujifukia mchangani, na wakiwa wageni hukaa humo hata siku kadhaa. Na mimi nikawaongezea giza kwa shuka.

Ustadhi akafunga kitabu. "Mwalimu," akasema, "sasa nimsomee nani?"

Hapo Bi Tatu akainuka, akatoka. Kidogo akarudi na sahani, akafunua kawa mbele ya watu wote. Samaki wawili wa kukaanga. "Kula, mtani. Na hawa nimewapata kwa muuza samaki."

Nilikula huku machozi yananitoka, nikimwomba radhi kila tonge. Kuku hakupata mwenyewe, ikaamuliwa aliwe na wote waliokuwepo. Ustadhi ndiye aliyemchinja. "Na wangu alikuwa mwekundu hivi hivi," akasema, "kicheche akamchukua." Tukampa pole.

Haya, leo. Bi Tatu anamwoza mjukuu. Macho yamepungua nguvu, sauti bado ipo. Mshereheshaji akaita, "Mwalimu wa samaki apite mbele!" Nikapita na mvi zangu. Nikakuta sahani, kawa, samaki wawili. Bibi akashika kipaza sauti, akasimulia mwanzo mwisho. Ukumbi ulivunjika mbavu. Bwana harusi alikuwa analia kwa kicheko.

Nikala. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi tena, kama ninavyomwomba kila tukionana miaka yote hii. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Basi, mtani, imetosha. Yule kuku nilimweka mimi."

"Alikuwa wako?"

"Wa ustadhi."

Wenzangu, nawaomba msicheke. Marehemu ustadhi alikula paja, akamsifia kuku, akaomba na la pili.